Mkurugenzi wa kabine ya raisi: mtu anayeshika mlango wa mkuu wa nchi

Mkurugenzi wa kabine ya Raisi wa Jamhuri, ambaye watu wengi wa Butembo na Beni wanamwita tu "dirkabu", ndiye mtumishi anayesimamia kazi za kila siku za ofisi ya mkuu wa nchi. Barua zinazoingia, faili zinazowekwa mezani, saa za mikutano na majina ya watu wanaoruhusiwa kumuona raisi, yote hayo yanapita mikononi mwake ao mwa watu wake. Hakuchaguliwa na wananchi. Haitwi bungeni kujibu maswali kama waziri. Lakini jambo likikwama kwake, raisi anaweza asilijue kabisa. Na likipita, linaweza kuishia kuwa ordonansi inayosomwa usiku kwenye RTNC, nchi nzima ikisikiliza.

Kwa wakaaji wa Kivu Kaskazini hii si habari ya mbali. Kutoka Butembo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa mstari wa ndege. Hata saa hazilingani: saa nne asubuhi Butembo, Kinshasa bado ni saa tatu. Mauaji yakitokea Beni ao Lubero, swali la kwanza kwenye maredio, makanisani na sokoni ni lile lile: je, raisi anajua? Jibu linategemea sana watu wachache wanaokaa kati yake na wananchi. Ndiyo maana ni vizuri kujua hao watu ni nani, wanafanya kazi gani, na raia wa kawaida ana haki gani mbele ya mlango wao.

Kabine si serikali

Watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili. Serikali ni waziri mkuu na mawaziri wake. Hao wanajibu mbele ya Bunge la taifa: mbunge anaweza kuwauliza maswali, na Bunge linaweza kuwaangusha kwa kura. Kabine ya raisi ni ofisi yake mwenyewe. Raisi ndiye anayeteua watu wake na ndiye anayewaondoa, kwa saini yake tu. Bunge halina kura juu yao.

Ndani ya kabine, dirkabu ndiye mkubwa. Ana manaibu, na kila naibu anashika sehemu ya kazi. Chini yao kuna washauri wakuu, kila mmoja na kikundi chake: siasa na diplomasia, sheria, uchumi, usalama, miundombinu, na kadhalika. Faili ya barabara ya Butembo, kwa mfano, haifiki kwa raisi ikiwa tupu. Kwanza mshauri wa sekta hiyo anaandika maelezo mafupi: tatizo ni nini, sheria inasema nini, pesa zitatoka wapi, raisi anapendekezewa afanye nini. Mara nyingi raisi anasoma hayo maelezo kuliko barua yenyewe. Kwa hiyo anayeandika yale maelezo ana nguvu kubwa, hata kama jina lake halijulikani.

Pembeni ya kabine kuna ofisi zingine zinazomzunguka mkuu wa nchi, na kila moja ina sehemu yake ya ule mlango:

- Katibu wa pekee, anayeshika mambo ya raisi mwenyewe na barua zinazomwendea yeye binafsi.
- Protokole, inayopanga nani anaingia lini, anakaa wapi, anasalimu vipi na anatoka saa ngapi.
- Mshauri maalum wa usalama, anayempa habari za hatari za nchi.
- Nyumba ya kijeshi, inayomuunganisha raisi na jeshi kwa kuwa yeye ndiye kamanda mkuu.
- Gadi ya Jamhuri, wanajeshi wanaolinda mwili wake na mahali alipo.
- Nyumba ya kiraia, inayoshughulikia maisha ya nyumbani kwake.
- Msemaji na vyombo vya habari vya raisi, wanaotangaza yaliyofanyika.

Hizi ofisi hazipatani kila siku. Mtu anaweza kukataliwa na protokole akapita kwa katibu, ao akakubaliwa na kabine halafu walinzi wakamrudisha. Dirkabu mwenye nguvu ni yule anayefaulu kuzifanya ziende njia moja.

Siku ya raisi inavyopangwa

Ajenda ya raisi haianzi asubuhi ya siku ile. Kwanza kuna mambo yasiyosogea: baraza la mawaziri, ambalo kwa desturi linakutana Ijumaa, sikukuu za taifa, mikutano ya marais wa kanda, safari za nje. Baada ya hapo wanaweka mikutano ya kazi na waziri mkuu, mawaziri, wakubwa wa jeshi na mabalozi. Nafasi inayobaki ndiyo ya odiansi, yaani watu na vikundi vinavyoomba kumuona. Hiyo nafasi ni ndogo, na foleni yake ni ndefu: wafanyabiashara wa kigeni, maaskofu, wakubwa wa vyama, wabunge, mashirika, machifu, wanamuziki.

Ombi la odiansi linafika kwa barua. Linaandikishwa, linapelekwa kwa mshauri anayehusika, naye anatoa maoni. Likikubaliwa, protokole inapiga simu na kutoa siku. Walinzi wanachunguza majina. Raisi anapokea wageni Palais de la Nation ao Cité de l'Union africaine, ile mitaa iliyojengwa wakati wa Mobutu kwa ajili ya mkutano wa marais wa Afrika wa mwaka 1967. Mgeni anaweza kungoja siku nzima kwenye chumba cha wageni, kisha akaambiwa arudi kesho kwa sababu kuna dharura.

Upande wa pili wa kazi ni saini. Karatasi zinazongoja saini zinapangwa kwenye faili moja kubwa inayopelekwa kwa raisi. Kuweka karatasi juu ao chini ya faili, leo ao wiki ijayo, ni uamuzi wa mtu. Ordonansi nyingi za raisi zinahitaji pia saini ya waziri mkuu, lakini karatasi isiyofika mezani haisainiwi na yeyote. Hapo ndipo methali ya Waswahili inapopata maana yake: asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa nini mlango unalindwa hivyo

Kungoja kunachosha, na wengi wanaona ni dharau. Lakini Kongo ina sababu zake za kuogopa mlango ulio wazi. Tarehe 16 Januari 2001, Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi ofisini kwake, Palais de Marbre, Kinshasa. Aliyempiga hakuvunja ukuta wowote. Alikuwa mmoja wa walinzi wake, kijana wa kundi la kadogo waliotoka naye mashariki, aliyeweza kumkaribia bila mtu kushtuka. Msaidizi wake wa kijeshi, Kanali Eddy Kapend, alihukumiwa kifo Januari 2003 katika kesi ya mauaji hayo. Kila mara alikana, na alitoka gerezani Januari 2021 baada ya kusamehewa na raisi.

Tangu wakati ule, kumkaribia mkuu wa nchi kukawa jambo la usalama kwanza, mazungumzo baadaye. Hata ujumbe wa wamama wa soko unaokwenda kulalamika juu ya ushuru unapita kwanza kwa watu wa usalama.

Bisengimana: wakati ofisi ya Kinshasa iliamua mambo ya Kivu

Nguvu ya hii kazi haikuanza jana. Chini ya Mobutu, Barthélemy Bisengimana Rwema, mhandisi mwenye asili ya Rwanda, aliongoza ofisi ya raisi kuanzia 1969 hadi 1977. Kwa ile miaka, mtu aliyetaka neno lake lifike kwa Mobutu alihitaji kupita kwake.

Wakati akiwa pale ndipo ilipotoka sheria ya tarehe 5 Januari 1972. Kipengele chake cha 15 kiliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya Januari 1960 na kuendelea kukaa nchini. Wanahistoria wengi wanaona ushawishi wa Bisengimana katika ile sheria. Mwaka 1977 alipoteza cheo. Mwaka 1981 Bunge likapitisha sheria nyingine ya uraia iliyofuta ile ya 1972, na watu waliokuwa na karatasi mkononi wakajikuta hawajui tena wanahesabiwa vipi.

Kila mtu mashariki anajua ni maumivu gani yametoka kwenye lile swali, kwa pande zote. Kwa habari ya mlango wa raisi, lile tukio linaonyesha jambo moja. Swali lililogusa mashamba, machifu na vijiji vya Kivu liliamuliwa karibu na kiti cha mkuu, bila Kivu yenyewe kukaa na kulizungumza mpaka likaisha. Na kitu kilichojengwa juu ya ukaribu wa mtu mmoja, yule mtu akiondoka, kinabomoka haraka.

Kamerhe: kutoka mlangoni hadi Makala na kurudi

Dirkabu anayejulikana kuliko wote katika historia ya karibuni ni mtoto wa Kivu Kusini, Vital Kamerhe. Alikuwa amekwisha kuongoza Bunge la taifa kuanzia 2006 hadi Machi 2009. Tarehe 23 Novemba 2018, Nairobi, alisaini mapatano na Félix Tshisekedi: yeye angemuachia nafasi ya kugombea uraisi, na ushindi ukipatikana, Kamerhe angekuwa waziri mkuu. Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Lakini upande wa Joseph Kabila ulikuwa na wingi bungeni, na waziri mkuu akatoka kwao. Kamerhe akawa mkurugenzi wa kabine.

Ilionekana kama cheo kidogo, lakini hali ya wakati ule ilikifanya kuwa kikubwa. Serikali mpya ilichukua miezi mingi kuundwa. Haikutangazwa mpaka mwisho wa Agosti 2019. Wakati huo wote, raisi alitaka kazi ionekane. Tarehe 2 Machi 2019 alizindua mpango wa haraka wa siku 100, wa dola milioni 304: barabara, madaraja, nyumba, umeme, shule. Dirkabu ndiye aliyesimamia. Mtu ambaye kwa kawaida anapanga ajenda na faili akajikuta anafuatilia kandarasi na malipo.

Tarehe 8 Aprili 2020 Kamerhe alikamatwa na kupelekwa gereza la Makala. Kesi ilianza Mei, ndani ya gereza lenyewe, ikionyeshwa kwenye televisheni, na hata Butembo na Beni watu waliifuata kwa redio kama mechi ya mpira. Waendesha mashtaka walisema zaidi ya dola milioni 48 za nyumba za siku 100 zimeibwa. Tarehe 20 Juni 2020 mahakama ilimhukumu miaka 20 ya kazi ngumu. Juni 2021 mahakama ya rufaa ikapunguza hadi miaka 13. Desemba 2021 akaachiliwa kwa muda. Aprili 2022 Mahakama ya Kasasyo ikafuta ile hukumu, na tarehe 23 Juni 2022 mahakama ya rufaa, ikisikiliza upya, ikasema hana hatia.

Machi 2023 alirudi serikalini kama naibu waziri mkuu wa uchumi, Mei 2024 akashika tena kiti cha mkuu wa Bunge la taifa, hadi alipojiuzulu Septemba 2025.

Kwa sheria, Kamerhe ni mtu asiye na hatia, na hilo ndilo la kushika. Lakini ile kesi iliwafundisha Wakongomani jinsi pesa za nchi zinavyotembea. Iliacha pia swali ambalo halikuishia kwa mtu mmoja: dirkabu, ambaye si waziri na ambaye Bunge haliwezi kumwangusha, anapaswa kuingia katika malipo ya serikali hadi wapi? Pale ofisi ya ajenda inapogeuka kuwa ofisi ya miradi, ni nani anayeiangalia?

Waliofuata

Kamerhe alipofungwa, naibu wake Désiré-Cashmir Kolongele Eberande alishika nafasi kwa muda. Mwaka 2021 Guylain Nyembo akateuliwa rasmi. Alikaa hadi 2024, alipoingia serikalini kama naibu waziri mkuu wa mipango, na Juni ile ile Anthony Nkinzo Kamole, aliyekuwa akiongoza ofisi ya taifa ya kuvutia wawekezaji, akachukua kiti. Kabla yao wote, chini ya Joseph Kabila, dirkabu wa mwisho alikuwa Néhémie Mwilanya, ambaye baadaye alikuja kuratibu FCC, muungano wa vyama vya Kabila.

Hii orodha inaonyesha kitu. Kwa wengi, kabine ni ngazi: mtu anapanda kutoka pale na kuwa waziri ao mkubwa wa chama. Kwa wengine ni shimo. François Beya, mshauri maalum wa usalama wa raisi, alikamatwa Februari 2022, na akaachiliwa kwa muda Agosti ya mwaka ule ili atibiwe. Anayekaa karibu na moto anaota vizuri, lakini anaweza kuungua pia.

Kwa majirani

Ng'ambo ya Kasindi, nchini Uganda, kazi kama hii anaifanya katibu mkuu binafsi wa raisi. Amelia Kyambadde aliishika kwa Yoweri Museveni miaka mingi, hadi 2010. Aliyetaka kumuona Museveni alijua jina lake. Mwaka 2011 akapata kiti cha ubunge, na akawa waziri wa biashara.

Tanzania ina maneno yake ya Kiswahili kwa kila mmoja wa hawa watumishi: Mnikulu ndiye anayeendesha Ikulu, mpambe ni yule askari anayesimama nyuma ya raisi, na katibu wa raisi anashika karatasi. Julius Nyerere alikuwa na msaidizi wake binafsi, Joan Wicken, mwanamke Mwingereza aliyeanza kazi naye 1960 na kubaki naye kwa zaidi ya miaka 30. Alisaidia kuandaa hotuba na barua, na hakuwahi kutafuta umaarufu.

Marekani, cheo kama hicho kilimponza H.R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa raisi Richard Nixon. Alisifika kwa kufunga mlango: mawaziri wenyewe walilalamika kwamba hawamuoni raisi. Kesi ya Watergate ilipofumuka, alijiuzulu tarehe 30 Aprili 1973, na baadaye alifungwa kwa miezi 18. Kwa hiyo hatari ya mlango unaofungwa sana si ya Afrika peke yake.

Beni na Butembo mbele ya mlango

Eneo la Beni na Butembo lina historia yake na huu mlango. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na wengine, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Kule Beni watu walipanga foleni wakapiga kura yao ya mfano tarehe 30 Desemba. Kura ya wabunge waliifanya Machi 31, 2019, raisi akiwa amekwisha kuapa tangu Januari. Mkuu wa nchi alianza kazi bila Beni na Butembo kuhesabiwa katika kura yake.

Aprili 2019, Ebola ikiwa bado inaua, Tshisekedi alifika Beni. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, wanafunzi wa Beni walikwenda kukaa kwenye uwanja wa ofisi ya meya, siku na usiku, wakidai amani. Mwezi uliofuata, tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilianza Kivu Kaskazini na Ituri, na wanajeshi wakachukua nafasi ya gavana na mameya. Juni 2021 raisi alifika Beni tena.

Siku kama hizo zinaonyesha jinsi odiansi inavyofanya kazi nje ya Kinshasa. Raisi akija, si yeye anayefika wa kwanza. Watu wa protokole na Gadi ya Jamhuri wanatangulia, wanaangalia uwanja wa ndege, njia na hoteli, na pamoja na viongozi wa mahali wanatengeneza orodha: shirika la kiraia, viongozi wa dini, wafanyabiashara, wamama, vijana, machifu. Kila kundi linapewa dakika chache. Kundi ambalo halikuingia kwenye orodha linabaki barabarani kupunga mkono. Na kundi lililoingia bila kupatana juu ya maneno yake linamaliza dakika zake kwa salamu.

Hii si desturi ya wazungu tu. Hata kwa mwami mtu haingii hivi hivi. Kuna wazee wa kupitia kwanza. Tofauti ni kwamba wazee wa mwami wanajulikana kijijini, na wakimficha mwami jambo, kijiji kinajua nani wa kuuliza.

Barua ya raia: haki iliyoandikwa

Kipengele cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya serikali ombi ao malalamiko, peke yake ao pamoja na wengine. Mamlaka inatakiwa kujibu katika miezi mitatu. Tena Katiba inasema mtu asishitakiwe kwa namna yoyote kwa sababu ameandika. Si lazima mtu awe na mjomba Kinshasa ndipo apate hiyo haki.

Chukulia mfano wa wakaaji wa komine ya Vulamba, Butembo, wanaotaka kulalamika juu ya wizi wa usiku wa watu wenye silaha. Barua yao ina nafasi nzuri zaidi ya kupita ikifuata mambo haya:

1. Waanze karibu. Shefu wa kartie, burugumestre na meya wapate kopi. Faili inayofika Kinshasa bila wakubwa wa chini kujua hurudishwa chini ili waulizwe, na muda unapotea.

2. Gavana wa jimbo apate kopi. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, ofisi ya jimbo inafanya kazi kutoka Beni. Mlango huo, angalau, uko karibu.

3. Wabunge wa taifa wa eneo wapewe kopi pia. Mbunge hawezi kumhoji dirkabu, lakini anaweza kumhoji waziri wa ulinzi ao wa mambo ya ndani juu ya jambo lile lile. Hiyo ni njia ya kuzunguka mlango uliofungwa.

4. Barua iwe fupi: jambo moja, tarehe, mahali, idadi, na ombi lililo wazi. "Tunaomba amani" haimwambii mshauri aandike nini kwenye maelezo yake. "Tunaomba kituo cha polisi mahali fulani" inamwambia.

5. Kila ofisi inayopokea ipige muhuri na tarehe kwenye kopi inayobaki kwa wenye barua. Bila ile kopi, hakuna anayeweza kuonyesha kwamba miezi mitatu imepita.

Na jambo moja la kuangalia sana. Butembo na Beni hawakosekani watu wanaosema "niko na mtu kule presidansi" na kuomba dola mia mbili ao mia tano ili "kufungua njia". Odiansi haina bei. Anayeuza nafasi ya kumuona raisi anauza kitu kisicho chake, na anayenunua hana mahali pa kwenda kulalamika, kwa sababu risiti hana.

Miezi mitatu ikipita kimya, wenye barua wanaweza kuandika tena, wakitaja tarehe ya barua ya kwanza na kipengele cha 27, na kuweka kopi yenye muhuri juu. Barua ya pili yenye tarehe mbili ni ngumu kidogo kuiweka chini ya faili kuliko ile ya kwanza.